Barua ya Wazi kwa Wenye Kuchanga Karo za Wauguzi Wetu

Mwembe Tayari, Mombasa

Kwa wazee wa kamati za misikiti na za makanisa, kwa mabibi wa vyama vya kuchanga na kupokezana, kwa wajumbe wa kamati za basari za wadi, na kwa kila ami, mjomba, shangazi na jirani ambaye aghalabu huombwa kutia mkono mfukoni mtoto wa mwenzake anapotaka kwenda chuoni.



Mimi ni mzee niliyestaafu ukarani wa bandarini, na kwa muda wa miaka tisa sasa nimekuwa mweka hazina wa mfuko mdogo wa elimu wa mtaa wetu, mfuko usio na jina kubwa wala ofisi, ambao fedha zake hukaa benki na hesabu zake hukaa katika daftari la gamba jeusi juu ya kabati langu, mbali na mikono ya wajukuu. Katika daftari hilo mna ukurasa mmoja ambao ningependa usiwemo. Chuo nitakachokihadithia sitakitaja jina, wala hospitali, wala binti mwenyewe, kwa kuwa sikukusudia kumshitaki mtu. Mkono uliotia sahihi fedha zitoke ulikuwa wangu, na mtu atakaye kusema juu ya taksiri za wengine ni insafu aanze na yake.

Mnaujua mtaa huu. Wazee wetu walituhadithia kwamba jina lake limetokana na mwembe uliokuwa kituo cha wapagazi, ambao chini yake mizigo ilifungwa, watu wakahesabiwa, na kila kitu kilipokuwa tayari msafara ukashika njia ya bara. Na ijapokuwa mwembe haupo tena, na wapagazi wamebaki sanamu za shaba kando ya barabara ya Jomo Kenyatta pamoja na askari wenzao wa Vita Vikuu vya Kwanza, kazi ya mahali hapa haikugeuka sana, kwani kwa miaka mingi ni hapa ambapo abiria wa masafa wamekuwa wakija na mabegi yao kukata tiketi za mabasi. Kwa hiyo mtu wa Mwembe Tayari hafundishwi kusafiri. Atauliza basi ni la nani, linaondoka saa ngapi, kiti chake ni kipi, na tiketi yake imeandikwa namba ya gari au haikuandikwa; na akitokea kijana mwenye kitabu cha stakabadhi kwapani lakini hana ofisi wala basi, hata mtoto wa darasa la pili atamcheka. Mtu huyohuyo, aliye hodari hivyo mbele ya safari ya usiku mmoja, hupanda ngazi za ghorofa iliyo juu ya duka la magodoro, akatoa shilingi elfu kumi na mbili kwa safari ya maisha mazima ya binti yake, akashuka na karatasi, wala asiulize gari ni la nani.

Juu ya ngazi hizo mna mabango. Katika kila mtaa wa mjini yapo, nayo yananadi kompyuta, hoteli, ususi, udereva na, kwa herufi kubwa kupita zote, uuguzi. Na aghalabu penye uuguzi huwekwa picha ya mwanamke asiyefanana na yeyote wa kisiwa hiki, amevaa kofia nyeupe ya upanga ambayo manasi wetu wameiacha zamani. Vingi katika vyuo hivyo ni vyuo vya kweli kwa yale vinavyoyafundisha kweli. Mushkili ni neno hilo moja, uuguzi.

Ilikuwa usiku wa Alhamisi baada ya sala ya isha, tumeketi watu saba katika baraza ya nyumba ya mwenzetu, vikombe vya kahawa tungu mikononi, na bahasha ya binti wa jirani yetu, barua ya chuo ikiwa juu, ikipita kutoka mkono hadi mkono. Babake alikuwa kuli wa Kilindini aliyeumia mgongo; mamake akiuza mahamri na mbaazi mlangoni tangu alfajiri, na sote saba tulikuwa wateja wake. Barua yenyewe ilikuwa ya karatasi nzito, ina nembo ya nyoka aliyejizonga katika fimbo, ina muhuri wa rangi ya dhahabu wenye meno kama ya msumeno, na chini yake mstari uliosema kwamba chuo kimesajiliwa na serikali. Karo ilikuwa shilingi 12,000 kwa muhula, na mihula ni sita. Mwenzetu mmoja aliyekuwa mwalimu aliuliza, "Na chuo cha serikali je?" Akajibiwa kwamba chuo cha serikali kina wenyewe, kina foleni, na karo yake si ya watu kama sisi, na aliyejibu hakuwa ameiuliza karo hiyo kwa mtu, wala sisi sita hatukumwuliza ameijuaje. Kahawa ikaisha, tukapitisha.

Basi kwa miaka miwili nilikuwa nikimwona asubuhi akivuka kwenda chuoni, sare nyeupe, mkanda wa buluu, viatu vimepakwa chaki, na moyo wangu ukipata raha ambayo hupatwa na mtu aliyetoa cha wengine na bado akahisi ametoa chake. Siku za Ijumaa alikuja kunipima presha. Nasema bila ya upendeleo kwamba alijua kupima, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Alipomaliza, pakafanywa sherehe, kanga zikatandazwa, picha zikapigwa, nami nikapewa kiti cha mbele.

Yaliyofuata nimeyapata kwake mwenyewe, alipokuja kwangu siku moja alasiri na bahasha ile, akakaa ukumbini bila ya kuvua baibui. Alikwenda kuomba kazi katika hospitali moja ya kisiwani humu. Matroni, mwanamke wa makamo na wa maneno machache, alikipokea cheti kwa mikono miwili, akakigeuza akatazama upande wa nyuma kama mnunuzi wa kanga atazamavyo ikiwa rangi imepenya, kisha akaupitisha muhuri kidole gumba. Dhahabu ikabaki katika kidole. Akajipangusa kwa leso, akauliza, "Mwanangu, namba yako ya indeksi ni ipi?" Binti akamtajia namba ya mtihani. "Hiyo ni ya chuo chako. Mimi nataka ya Baraza."

"Shikamoo, ami," ndivyo alivyoanza aliponijia, kwa kuwa ni mtoto aliyelelewa, na nilipoitikia akaniuliza, "Baraza gani, ami?"

Sisi watu wa Mwambao hudhani kwamba tunayajua mabaraza kuliko watu wote. Tumezaliwa juu yake, tumeozwa juu yake, na mambo yetu yote hukatwa juu ya jiwe hilo lililo mbele ya nyumba. Nilimwangalia binti yule, nikaona haya, maana neno aliloniuliza nalijua kwa maana ya kukalia tu, na ni juu ya baraza ya namna hiyo ndipo watu saba wenye ndevu za mvi walipomtuma aende akafanywe muuguzi mahali ambapo muuguzi hafanywi.

Baraza aliloulizwa ni Baraza la Wauguzi la Kenya, lililowekwa na Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257 ya sheria za nchi, na makao yake yako Nairobi, uchochoro wa Kabarnet, kando ya barabara ya Ngong. Nilichojifunza baadaye kwa kuuliza huku na huku, na ambacho ningeweza kujifunza kabla ya kile kikombe cha kahawa kupoa, ni kwamba karatasi ziko tatu, na kila moja hufungua mlango wake. Ya kwanza ni ya usajili wa biashara au kampuni, ambayo hata mwenye kibanda cha juisi aweza kuwa nayo. Ya pili ni idhini ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi, ile iitwayo TVETA, iliyotokana na sheria ya mwaka 2013, nayo ni karatasi ya heshima, huthibitisha kwamba chuo kina haki ya kufundisha ufundi fulani. Ya tatu ni idhini ya Baraza la Wauguzi, nayo hutolewa kwa chuo kwa ajili ya programu mahsusi ya uuguzi, hata chuo chenye idhini ya programu moja hakina haki ya kuitumia kwa nyingine. Mstari ule wa chini ya muhuri wa dhahabu haukuwa uongo. Chuo kilikuwa kimesajiliwa na serikali. Lakini kilikuwa na karatasi mbili, na mlango wa wodi hufunguliwa na ya tatu.

Mwanafunzi aliyeingia katika chuo chenye karatasi hiyo ya tatu huandikishwa na Baraza mwanzoni mwa masomo yake, akapewa namba ya indeksi, na namba hiyo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa na matroni nyuma ya cheti. Asiye nayo haketi katika mtihani wa Baraza. Asiyefaulu mtihani wa Baraza haingizwi katika daftari la wauguzi. Na asiyekuwa katika daftari hapewi leseni ya kazi, ambayo nayo sharti ihuishwe kila mara muda wake upitapo. Ni mnyororo, na kiungo chake cha kwanza hutiwa katika miezi ya mwanzo, wakati ambapo mzazi bado anazo fedha za kurudisha mguu nyuma. Lau mmoja wetu angalimwuliza binti katika muhula wa kwanza neno moja tu, namba yake ya indeksi, tungaliokoa mihula mitano.

Ngazi za uuguzi nazo zina majina yao. Iko ya cheti, ambayo ni fupi; iko ya diploma, ambayo ni miaka mitatu; na iko ya shahada, miaka minne chuo kikuu na mwaka wa mazoezi hospitalini juu yake. Anayetaka diploma ya uuguzi katika vyuo vya serikali hutakiwa awe na wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, na C hiyo aipate pia katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili. Kwa hiyo mtu akimwambia mwenye wastani wa D kwamba baada ya miaka miwili atatoka muuguzi aliyesajiliwa, mwuzaji huyo ama hajui anachokiuza au anakijua sana.

Na hapa nisieleweke vibaya. Kozi aliyosoma binti yetu, kama nilivyokuja kubainishiwa, ilikuwa ya usaidizi wa wagonjwa: kumwogesha asiyejiweza, kumgeuza ubavu asipate vidonda, kumlisha, kumpima joto na presha. Hiyo ni kazi ya halali na ya thawabu, na Mombasa ina wazee wengi waliolala vitandani katika nyumba za ghorofa huku wana wao wako Jeddah au London, ambao wangempokea msaidizi wa namna hiyo kama rehema. Kosa ni la jina. Aliyeiita kazi hiyo uuguzi katika bango lake alimwuzia mtoto wa mtu kitu kimoja kwa jina la kitu kingine, na wanunuzi tulikuwa sisi, si yeye.

Nyanyangu alikuwa mkunga, na hili nalileta kwa sababu wako baina yenu watakaosema kwamba haya ya mabaraza na namba ni mambo ya Kizungu, na kwamba mji huu ulizaa na kulea karne nyingi bila ya indeksi. Ni kweli ulizaa. Lakini mwanamke wa Mji wa Kale hakuwa mkunga kwa kujinadi. Alifuatana na mkunga mkubwa miaka mingi, akishika taa, akichemsha maji, akifunga vitambaa, hata siku moja mkubwa wake akakaa pembeni na kumwacha ashike mtoto, mbele ya macho ya wanawake wote wa nyumba. Na tangu siku hiyo, Kuze na Kibokoni na Bondeni nzima zilijua kwamba mkono wake umepasishwa, na zikajua vilevile ni nani aliyempasisha. Hiyo ilikuwa ithibati, na daftari lake lilikuwa kumbukumbu ya mtaa. Mji ulipokua, watu wakawa hawajuani, na hospitali kubwa ya Makadara, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya Pwani yote, ikawa inampokea mgonjwa wa Lamu usiku na wa Taita alfajiri, kumbukumbu ya mtaa haikutosha tena, basi pakatakiwa kitabu. Nyanyangu asingalikionea ajabu kitabu hicho. Angalimwonea ajabu anayejiita mkunga hali hapana aliyemwona akishika taa.

Wala kuchangia elimu ya kazi si jambo geni kwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah baada yake, mojawapo ya mambo aliyowalaumu watu wa Mombasa ni uzito wao katika kutafuta elimu, na hakuwa mtu wa kufumba maneno. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1951, wanafunzi wa kwanza wakaingia katika Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, MIOME, ambacho kilijengwa kwa mali ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, ya Mabohora na ya serikali, wapate kujifunza umeme, ubaharia na useremala. Nacho ndicho ambacho baada ya kubadilika majina mara kadha wa kadha, tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Watoaji wale walijua fedha yao inakwenda kununua nini. Mfuko wetu ni mdogo mara elfu kuliko wao, lakini sioni kwa nini tuwe wajinga mara elfu.

Nije katika hesabu, kwa kuwa hapa ndipo tulipojidanganya zaidi, na mimi ndiye karani. Tulisema chuo ni rahisi. Ukurasa ule wa daftari unaonyesha karo ya mihula sita, shilingi 72,000. Ada ya kuandikishwa, 2,000. Sare na viatu, 4,500. "Mazoezi ya hospitali", ambayo yalikuwa wiki chache katika zahanati moja ya watu binafsi, 10,000. Mtihani na cheti, 8,000. Jumla 96,500, na nauli za tuktuk sikuziandika kwa kuwa mamake alizitoa katika mahamri. Karo ya muhula ni kama bei ya samaki anayeuzwa kwa kichwa: huwezi kujua ameshika kiasi gani mpaka umwone mzima. Wakati wa kupitisha maombi tuliziona zile elfu kumi na mbili peke yake, na kwa ajili yake hatukwenda hata kuuliza Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, ambacho kilianza mwaka 1927 na ambacho kampasi yake ya Mombasa iko karibu na hospitali kuu, mwendo wa miguu kutoka hapa ninapoandika, mbali na zile za Port Reitz, Msambweni, Kilifi na Lamu. Wanafunzi wa huko hupangiwa nafasi kupitia KUCCPS, chombo cha serikali kinachogawa nafasi za vyuo, na huweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na mkopo huo mwaka 2013 uliongezewa mfuko mahsusi wa wanafunzi wa afya, Afya Elimu. Mwenye mkopo na basari ya wadi, akaongezewa kidogo na mfuko kama wetu, aweza kusoma miaka mitatu katika chuo ambacho matroni hatakigeuza cheti chake upande wa nyuma. Lakini mlango wa maombi hufunguliwa kwa siku kadha wa kadha kisha ukafungwa, na nyumba isiyo na mtu wa kuutazama hujua umefunguliwa siku ya pili baada ya kufungwa. Ndipo hugeukia ngazi za juu ya duka la magodoro, ambako mlango hauna tarehe.

Sasa nitasema lile ambalo nililiahirisha. Nilipomwomba binti aniletee hati zake zote, nipate kuona tunaanzia wapi, alinitolea pamoja na cheti kile matokeo yake ya kidato cha nne. Wastani C. Biolojia C. Kiswahili C na alama ya kujumlisha juu yake. Alikuwa na sifa tangu siku ya kwanza. Hati hiyo ilikuwamo katika bahasha ileile iliyopita mikononi mwa watu saba usiku ule, na hapana hata mmoja aliyeifungua, kwa kuwa barua ya nyoka na dhahabu ilikuwa juu yake.

Msidhani kwamba hadaa hizi ni za maskini peke yao. Mwezi wa Januari 2023, waendesha mashitaka wa Marekani walitangaza kwamba vyuo vitatu vya uuguzi katika jimbo la Florida vimeuza diploma za bandia zaidi ya 7,600, kila moja kwa bei ya dola elfu kumi hadi kumi na tano, na kwamba kiasi cha watu 2,400 walizitumia hizo wakaketi katika mtihani wa leseni na wakafaulu. Wale lakini wamedaiwa kununua kwa macho makavu, wakijua hawakusoma. Binti zetu husoma kweli, huamka kweli, hupaka viatu chaki kweli. Na hiyo ndiyo sababu naona dhuluma ya huku, ijapokuwa ni ya fedha kidogo, kuwa ni nzito zaidi.

Na wale wanaosema cheti cha hapa hakina haja ya kuchunguzwa sana kwa kuwa mtoto atakwenda Ghuba, hao nawaomba wasimpandishe ndege kwanza. Mamlaka za afya za nchi za Ghuba hazitazami muhuri. Huipa kampuni kama DataFlow kazi ya kuandika moja kwa moja kwa chuo na kwa baraza lililotoa leseni, na jibu lisipokuja, safari imeishia hapo, ada imekwenda. Hata akivuka mpaka tu kwenda kwa jamaa Tanga au Dar es Salaam, atakutana na milango miwili ya namna hiihii, Baraza la Uuguzi na Ukunga upande mmoja na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi la huko, upande wa pili.

Ninachokuombeni ni kidogo. Kamati yoyote ambayo fedha yake hupitia mikononi mwa watu zaidi ya mmoja na iweke desturi kwamba hapana karo ya uuguzi itakayotolewa mpaka jina la chuo na jina la programu yenyewe yameonekana katika orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na Baraza, orodha ambayo Baraza huiweka mtandaoni na ambayo mjukuu yeyote mwenye simu aweza kuifungua kabla ya kahawa kuchemka. Fedha ya muhula wa pili isitoke mpaka mwanafunzi ameleta namba yake ya indeksi. Malipo yaende katika akaunti ya chuo, si katika simu ya wakala, hata akiwa wakala huyo ni jamaa. Hasa akiwa ni jamaa. Na mmoja katika kamati, heri awe mwanamke aliyepata kulala wodini, aende kwa miguu yake hospitalini ambako chuo kinasema wanafunzi wake hufanya mazoezi, amwulize nasi wa zamu ikiwa anawajua. Nasi wa zamu hana sababu ya kukisifu chuo. Mengine, kama vile ukubwa wa maktaba na uzuri wa jengo, nayaachia wenye wakati.

Liko ombi jingine ambalo si la fedha. Binti yule tangu siku ya matroni hapiti mbele ya nyumba yangu. Huzunguka kwa nyuma, kupitia kichochoro cha mshona viatu, kwa kuwa watu husema alipoteza mali ya mfuko, na wako wanaolisema hilo katika baraza ileile tuliyoipitishia. Mkisikia neno hilo, waambieni kwamba mwenye kupoteza ni mweka hazina, na jina lake liko chini ya barua hii kwa cheo chake. Mwaka huu ameomba nafasi kupitia KUCCPS. Fomu tumeijaza pamoja na mjukuu wangu, mamake amekaa kando na sinia la mahamri. Kwa sasa anamwangalia bibi mmoja mgonjwa huko Kizingo, kazi ambayo kozi yake ilimfundisha kwa haki, na hulipwa mwisho wa mwezi.

Kikao chetu ni Alhamisi ijayo, baada ya isha. Juu ya meza yangu hapa nina bahasha nyingine, ya mtoto mwingine, kutoka chuo kingine, ghorofa nyingine. Barua yake ni ya karatasi nzito, na ina muhuri. Nimekwisha kuutia kidole gumba, nimefungua orodha, nimeitafuta programu hiyo mara mbili, na kabla ya kuizima taa nitaitoa hati ya matokeo chini ya barua niisome.

Wenu katika kheri,

Mweka hazina wa mfuko wa elimu wa mtaa